Fungu Halijafika: Vyuma Vikikaza, Serikali Inamkata Nani Kwanza?

Shangazi yangu anauza maharage. Si yale ya kupima kwa kopo sokoni. Anauza kwa magunia, na mteja wake mkubwa ni shule moja ya bweni ya serikali huku kwetu Kanda ya Ziwa. Ana zabuni, ana leseni, ana mashine ya EFD inayotema risiti. Mzigo ukifika, mtunza stoo anapima, anasaini, na jioni hiyo hiyo wanafunzi wanakula. Kwenye kulipwa ndipo hadithi inapogeuka. Kila akienda kwa mhasibu, jibu ni lile lile, maneno mawili: fungu halijafika.

Maneno hayo mawili ndiyo yamenifanya niandike. Kila Juni, waziri wa fedha akishasoma bajeti Dodoma, kijiwe chetu cha kahawa hapa Mabatini, Mwanza, hugeuka bunge dogo. Hali ikiwa nzuri ubishi huisha kahawa ikiisha. Vyuma vikikaza, hauishi. Mmoja atasema serikali ifunge mkanda kama sisi tulivyofunga. Mwingine atasema hapana, huu ndio wakati wa kumwaga pesa mtaani ili mzunguko urudi. Wa tatu atauliza habari za magari ya mabosi. Wote watatu wana hoja, na nitazipitia. Ila nimekuja kuona kwamba wanachobishania ni bajeti iliyosomwa, na bajeti iliyosomwa siyo inayomfikia shangazi.

Tuanze na ukubwa wa kitu chenyewe, maana trilioni ni neno ambalo likishatamkwa tu akili inalala. Bajeti ya 2025/26 ni Sh trilioni 56.49. Igawe kwa Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, halafu igawe kwa siku za mwaka. Unapata kama Sh 2,500 kwa mtu kwa siku, na kwa kuwa tumeongezeka tangu sensa, hata hapo haifiki. Ni sahani ya wali maharage kwa mama lishe. Kwenye sahani hiyo lazima atoke mwalimu, askari na nesi, itoke dawa, itoke reli ya SGR, itoke lami, na yatoke marejesho ya mikopo ya miaka iliyopita. Na huo ni mwaka wa kawaida.

Mdororo unavyopanda kutoka ziwani

Huku kwetu mdororo huja na samaki. Mwanzoni mwa 2020 ulianzia kwenye mabondo: soko la China lilipofungwa kwa sababu ya korona, yale mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, ambayo watu walikuwa wakiyagombania kama dhahabu yakakosa mnunuzi. Ilipofika Machi, migahawa ya Ulaya ikafunga, ndege zikapungua, na minofu inayotoka kwenye viwanda vya hapa Mwanza ikakosa pa kwenda. Kiwanda kikipunguza ununuzi, bei mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, inashuka siku hiyo hiyo. Tajiri mwenye mitumbwi mitatu anapiga hesabu ya petroli ya injini, anaona bora miwili ikae nchi kavu. Vijana waliokuwa wakiingia ziwani wanashinda wanacheza drafti. Wakikaa wao, mama lishe anapika sufuria moja badala ya mbili, bodaboda anapata vichwa vichache, na mwenye nyumba Kirumba anaanza kusikia hadithi za kodi ya chumba itakayolipwa mwezi ujao.

Sasa itafute serikali ndani ya mnyororo huo. Haina mtumbwi wala nyavu. Inakula kwenye mauzo kwa VAT ya asilimia 18, inakula kwenye mishahara, kwenye bidhaa zinazopita forodhani na kwenye faida ya kiwanda. Halmashauri nayo inakula kwenye ushuru. Vyote hivyo vimeshuka kwa pamoja. Na wiki hiyo hiyo foleni ya wanaoihitaji imerefuka: aliyekuwa akitibiwa hospitali binafsi sasa anaamkia hospitali ya serikali ya Sekou Toure, mtoto aliyekuwa shule ya kulipia anahamishiwa ya serikali. Mapato yanashuka, mahitaji yanapanda. Pengo lililo katikati ndilo linalobishaniwa.

Pengo la bajeti lina milango mitatu tu: kuongeza kodi, kukopa, au kukata. Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa walituonyesha yote mitatu kwa muda mfupi sana. Juni 2024 serikali ya Kenya ilitaka kuliziba kwa Muswada wa Fedha wenye kodi mpya. Vijana wakaingia barabarani, Kisumu ikiwemo, watu wakafa, na tarehe 26 Juni Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Muswada ulikwenda, pengo la KSh bilioni 346 likabaki. Siku chache baadaye akaligawa: KSh bilioni 177 zikatwe kwenye matumizi, KSh bilioni 169 zikopwe. Mzigo haukupungua hata kilo. Ulihamishwa kutoka bega moja kwenda jingine.

Sisi tuliujaribu mlango wa kodi Julai 2021, kwa tozo ya miamala ya simu: kuanzia Sh 10 hadi Sh 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi unachotuma au kutoa. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, ambaye mnunuzi wake yuko Dar es Salaam au Lubumbashi, pesa yake yote hupita kwenye simu. Akatozwa mnunuzi alipotuma, akatozwa yeye alipotoa, akatozwa tena alipomtumia mchuuzi wa kisiwani aliyemletea mzigo. Watu wakarudia kubeba noti kwenye mfuko wa ndani wa suruali. Kufikia Septemba serikali ilishaipunguza tozo kwa asilimia 30, na baadaye ikazidi kuipunguza. Kodi mpya wakati wa ukata ina balaa hilo: inautoza ule ule mzunguko unaotaka uufufue.

Kufunga mkanda

Hoja ya mkanda ina umri mrefu hapa nchini. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazee wetu bado wanacheka wakiikumbuka ile miezi 18, kwa sababu ilizaa miaka ya foleni za sukari na kanga za kugawiwa kwa majina. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka hiyo enzi ya kuchangia gharama ikaingia shuleni na hospitalini. Ada ya shule ya msingi ilikuja kufutwa 2001. Aliyekosa shule kati ya hapo na hapo leo ni mtu mzima mwenye watoto. Mkanda ukikaza sana hauachii siku uchumi unapopona.

Anayeifananisha serikali na kaya ana nusu ya ukweli. Mimi nikibana nyumbani, nikaacha soda na nyama ya Jumapili, mshahara wangu haupungui kwa sababu hiyo. Serikali ikiacha kununua maharage, shangazi anakosa, anaacha kununua kitenge, muuza kitenge anakosa, anapanda miguu badala ya pikipiki, na kodi ambayo wote hao wangelipa inapotea njiani. Inakuwa imekata kidole ikidhani inakata kucha. Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes aliijengea hoja hiyo wakati wa mdororo mkuu wa miaka ya 1930: watu wote wakibana kwa mara moja, lazima awepo mmoja mkubwa anayetumia, la sivyo kila mtu anasubiri mwenzake anunue.

Nusu ya pili ya ukweli inaitwa dola. Mwaka 2023 na sehemu ya 2024 dola iliadimika nchini hadi waagizaji wa bidhaa wakawa wanazisubiri benki kama dawa. Serikali ikimwaga shilingi mtaani, na shilingi hiyo ikaenda kununua dizeli, vipuri na mitambo ya nje, mzunguko unaofufuka ni wa huko mitambo inakotoka. Tena sehemu kubwa ya deni letu ni la nje. Shilingi ikishuka thamani, deni linanenepa bila mtu yeyote kukopa hata senti. Marekani inakopa kwa fedha inayoichapa yenyewe. Ushauri ulioandikwa kwa ajili yake tuupokee kama koti la kaka mkubwa, mikono lazima ikunjwe.

Kwa hiyo nikisikia mtu anauliza kama serikali itumie au ibane, huwa namuuliza shilingi anayoisema inapita kwa nani, na inafika lini.

Kuhusu V8

Yule wa tatu kijiweni, wa magari ya mabosi, yale tunayoyaita V8, asidharauliwe. Mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli, muda mfupi tangu aapishwe, alifuta sherehe za Uhuru na kuagiza Sh bilioni 4 zilizotengwa kwa ajili yake zikapanue barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Nchi ilishangilia, nami nilishangilia. Lakini bajeti ya mwaka huo ilikuwa Sh trilioni 22.49. Bilioni 4 humo ndani ni chini ya shilingi mbili katika kila elfu kumi. Futa sherehe zote, punguza posho za vikao, uza na magari: utapata cha kupumulia, pengo utalikuta pale pale.

Hata hivyo siwaungi mkono wachumi wanaolipuuza jambo hili kwa udogo wa tarakimu zake. Hakuna mtu awezaye kumwambia mvuvi wa Igombe afunge mkanda huku gari lake yeye msemaji limeachwa likiunguruma nje ya ukumbi ili kiyoyozi kisizime. Anasa ikikatwa, anayeomba wananchi wavumilie anakuwa na uso wa kuombea. Hilo lina thamani ambayo haimo kwenye jedwali.

Shilingi inapita kwa nani

Mwaka 2008 msukosuko wa fedha wa dunia ulitukuta na pamba mikononi. Wanunuzi walikuwa wamekusanya pamba ya Kwimba, Magu, Misungwi na Usukuma wote bei ya dunia ikiwa juu, tena kwa mikopo ya benki. Kabla hawajaiuza, bei ikaporomoka. Juni 2009 Rais Kikwete akatangaza mpango wa kunusuru uchumi wa takriban Sh trilioni 1.7, na ndani yake ikawemo fidia ya hasara kwa wanunuzi wa mazao, wa pamba wakiwemo, pamoja na dhamana za mikopo. Mantiki ilikuwepo: mnunuzi akifilisika, msimu unaofuata mkulima anabaki na pamba yake chini ya kitanda. Lakini simama Ngudu, kwa wakulima wa Kwimba, uitazame. Mkulima hakuishika hata noti moja ya fidia. Alichokiona, kama alikiona, ni gari la mnunuzi kurudi tena mwakani. Bungeni nako kelele ziliendelea kwa miaka, wabunge wakitaka waambiwe ni nani hasa aliyenufaika. Pesa ya kunusuru ikipitia juu, huwa inaacha swali hilo nyuma yake, hata ikiwa imetumika vizuri.

Oktoba 2021 tulijaribu njia nyingine, na hii ndiyo ninayoipenda kuisimulia. Serikali ilipata mkopo nafuu wa dola milioni 567 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, karibu Sh trilioni 1.3, zile ambazo mtaani zikaitwa fedha za UVIKO. Sehemu yake ikajenga madarasa 15,000, Sh milioni 20 kila moja, yakitakiwa yawe tayari shule zikifunguliwa Januari. Hazikupelekwa kwa kampuni kubwa. Zilitumwa kwenye akaunti za shule, na kazi ikafanywa kwa mtindo uliozoeleka kwa jina la fosi akaunti: kamati ya shule inanunua vifaa, fundi wa hapo kijijini anajenga. Fikiria maana yake kwa Sengerema au Magu mwezi Novemba, mwezi ambao kijana wa kijijini huwa anasubiri mvua tu. Mchanga unasombwa na mwenye tolori, kokoto zinapondwa na kina mama kando ya mlima, maji yanaletwa na mwenye punda, chakula cha mafundi kinapikwa na jirani. Saruji na bati vilitoka mbali, kweli, na halmashauri zote zikigombania bati mwezi mmoja mwenye duka hahitaji kuambiwa la kufanya na bei. Lakini ujira ulibaki kijijini na uliliwa kijijini.

Tena kuna deni ambalo madarasa yale yaliliacha bila mtu kulisaini. Darasa ni Sh milioni 20 mara moja. Mwalimu wa kusimama ndani yake ni mshahara wa kila mwezi kwa miaka 30, na baada ya hapo pensheni. Wanasiasa hupenda darasa kwa sababu lina utepe wa kukata. Mwalimu hana utepe. Ndiyo maana wakati wa ukata utasikia ajira zimesitishwa huku majengo yakiendelea kuzinduliwa, na zahanati mpya ikakaa na kufuli ikisubiri tabibu. Ukitaka kuijua nia ya bajeti yoyote, acha kwanza ukurasa wa miradi, fungua wa mishahara na matumizi mengineyo.

Ruzuku ya mafuta ya Juni 2022, Sh bilioni 100 baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei, watu wengi walioisoma vitabuni waliibeza: inamfaidi zaidi mwenye gari la tangi la lita 100 kuliko anayetia lita tatu kwenye pikipiki. Ni kweli. Ila aliyeyasema hayo hakuwahi kulala kisiwani. Mtumbwi wa sangara unakula petroli kila usiku, na petroli ndiyo gharama kubwa ya uvuvi. Kwetu ruzuku ya mafuta ilikuwa pia ruzuku ya kitoweo, japo ilikuwa na matundu mengi kama wavu wa zamani. Fedha za kaya maskini za TASAF zina matundu machache zaidi: zikipokelewa Ukerewe asubuhi, mchana zipo dukani kwa unga na chumvi, na mwenye duka jioni anaagiza mzigo mwingine Mwanza. Kiasi chake ni kidogo mno kwa kaya moja, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo.

Halafu lipo daraja letu. Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya maji, zaidi ya Sh bilioni 700, jiwe la msingi Desemba 2019, kuzinduliwa 19 Juni 2025 kwa jina la Daraja la J.P. Magufuli. Katikati ya tarehe hizo mbili ilipita korona, ikapita na bei ya mafuta ya 2022, na kila lilipotajwa palikuwa na mtu wa kuuliza pesa zile zingejenga zahanati ngapi. Swali zuri, lililoulizwa kwa kuchelewa. Nguzo ya kwanza ikishazama ziwani, nusu daraja halivushi hata baiskeli. Ukisimamisha kazi, mkandarasi anadai fidia ya mitambo iliyolala, riba ya malipo yaliyochelewa inapanda, chuma kinashika kutu. Mradi mkubwa haufai kuwa huduma ya kwanza ya mdororo kwa sababu usanifu na zabuni peke yake hula miaka. Haufai pia kuwa kibubu cha kuvunja katikati ya shida. Ubishi wake una msimu wake, nao ni kabla ya kusaini, wakati watu wana pesa na hawana hamu ya kubishana. (Wanawake waliokuwa wakiuza samaki wa kukaanga kwenye foleni ya kivuko walibaki na mabeseni yao siku foleni ilipokufa. Hasara yao haina kasma, yaani mstari wake kwenye bajeti. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando kutoka Sengerema naye hana muda wa kusubiri kivuko.)

Mkato usiopigiwa kura

Sasa turudi kwa mhasibu na maneno yake mawili.

Bunge likipitisha bajeti, halijatoa pesa. Limetoa ruhusa ya kutumia pesa zikipatikana. Tangu katikati ya miaka ya 1990 tumekuwa tukiendesha mfumo ambao Hazina hutoa kulingana na kinachokusanywa. Makusanyo ya mwezi yakiwa pungufu, kuna vitu ambavyo haviguswi. Deni linalipwa kwanza, hilo ni la kisheria na mkopeshaji hana utani. Mishahara inafuata, kwa sababu mwezi ukipita bila mshahara nchi nzima itajua kesho yake. Kinachobaki ndicho kinachogawiwa kwa wengine wote: miradi ya maendeleo, na yale matumizi mengineyo ambayo maofisini kila mtu anayaita OC. Humo ndimo yalimo mafuta ya gari la wagonjwa, karatasi za mitihani, umeme wa pampu ya maji, na maharage ya shangazi.

Hakuna kikao kilichokaa kuamua kwamba maharage ya wanafunzi ni kipaumbele cha mwisho. Hakuna mbunge aliyesimama akasema. Kwenye kitabu cha bajeti fungu lipo, limeandikwa, limepigiwa makofi. Mkato umetokea kimya kimya, kwa kutotolewa. Na kwa sababu wanafunzi hawawezi kulala njaa, shule inaendelea kupokea mzigo na kusaini. Kwa lugha nyingine, serikali imekopa. Imekopa kwa mama mwenye magunia, bila riba, bila tarehe ya kurudisha, na mkopo huo haukuwamo hotubani. Kila Aprili ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zikiwekwa bungeni, humo humo utakuta malimbikizo ya wazabuni, ya makandarasi, ya watumishi. Magazeti huzipa ukurasa wa mbele kurasa za wizi, na wizi unastahili. Kurasa za malimbikizo hazina mwizi, kwa hiyo hazina msomaji.

Nimepiga naye hesabu kwenye kipande cha karatasi ya boksi. Magunia 60, faida ya Sh 15,000 kwa gunia, ni Sh 900,000. Ili anunue mzigo unaofuata wakati wa kwanza haujalipwa, alichukua Sh milioni 3 kwa wale wa mtaani, mkopo ambao jina lake ni onyo tosha: kausha damu. Riba asilimia 20 kwa mwezi, yaani Sh 600,000. Mwezi mmoja na nusu wa fungu kutofika, faida yote imekwisha. Mwezi wa pili anakula mtaji. Benki alikwenda. Ofisa alimsikiliza kwa adabu na kuitazama karatasi ya madai yake kama picha ya harusi ya mtu asiyemjua. Simlaumu sana, benki yenyewe ina mteja mwingine asiyemsumbua usingizi, naye ni Hazina, inayokopa humo humo kwa hatifungani. Pengo lile lile la serikali linamkuta shangazi mara mbili: kwanza kwa kutolipwa, halafu kwa kusukumwa nje ya foleni ya mkopo.

Na makadirio ya kodi, yanayolipwa kwa awamu nne kwa mwaka, awamu zake hazijui habari za fungu.

Anayedhani hapo serikali imeokoa pesa asubiri zabuni ya mwakani. Mzabuni aliyewahi kuungua hupandisha bei. Kama maharage gunia ni Sh laki mbili kwa taslimu, kwa serikali ataandika laki mbili na arobaini, kwa sababu anajua atasubiri. Wasio na mtaji wa kusubiri wanajitoa, wanabaki wachache wenye vifua vipana au wenye mtu wa kuwasukumia faili. Kwa hiyo tunanunua kwa bei ya juu, kwa watu wachache, tukiwa na madeni pale pale. Ndiyo maana mimi, kijiweni, nimeacha kubishana kama ni daraja au dawa, mkanda au mzunguko. Ukiniuliza cha kwanza cha kufanyiwa pesa kidogo iliyopo, nitasema kilipwe kilichokwishaliwa. Pesa ya malimbikizo haihitaji mchoro, zabuni wala upembuzi yakinifu. Inakwenda kwa watu waliokwisha fanya kazi, wengi wao wa hapa hapa, na wataitumia wiki hiyo hiyo, kwanza kumnyamazisha kausha damu. Ni vigumu kupata njia ya haraka zaidi ya kuitia damu biashara ya mji kama huu. Kasoro yake moja ni kwamba haina utepe.

Wenzangu hunijibu kwamba ukilipa madai yote leo, hutabaki na cha kununulia dawa kesho. Ni hoja nzito na sina jibu la kuimaliza. Ila tofauti ipo kati ya bajeti ndogo inayolipwa na bajeti kubwa inayodaiwa. Serikali ikisema wazi mwezi Julai kwamba mwaka huu shule zitapata robo tatu tu ya chakula, wazazi watapiga kelele, wabunge watalazimika kuamua nini kipunguzwe mahali pengine, na huo ndio mjadala wenyewe wa vipaumbele. Ikiandika chakula chote na kulipa robo tatu, mjadala huo unafanyika kati ya shangazi na mhasibu, kwenye korido, kwa maneno mawili.

Wiki iliyopita nilimkuta Mwaloni, kanga imefungwa kiunoni, anasimamia upakiaji wa magunia kumi ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Nikamuuliza, shangazi, na shule? "Wataniona wakinilipa, baba," akasema, macho yake yakihesabu mabega ya wapagazi. Bei ya Ukerewe ni ndogo kuliko ya zabuni, kwa tofauti ya karibu elfu kumi na mbili kwa gunia. Akanifungulia simu nisome ujumbe: mwenye duka alikuwa ameshatuma pesa yote, na meli ilikuwa bado haijapiga honi.